Kutoka konokono hadi kitambi: yaliyounguza maini ya Wamisri

Mtu akifa kwa ugonjwa wa ini mitaani kwetu, hawakosekani waombolezaji wawili watatu wa kunong'onezana nyuma ya turubai: hivi marehemu alikuwa mnywaji? Swali hilo halimsazi hata ambaye hakuwahi kuonja pombe maishani. Wajane wameaibishwa nalo, na wapo wagonjwa wanaochelewa kwenda hospitali kwa kuliogopa.

Ndiyo maana Misri inafaa kutazamwa. Ni nchi yenye Waislamu wengi, ambako watu wazima walio wengi hawanywi kabisa. Hata hivyo, kwa miongo kadhaa imekuwa miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa vifo vya kusinyaa kwa ini, ugonjwa ambao madaktari huuita sirosisi. Makadirio ya mwaka 2010 yaliiweka nafasi ya kwanza, juu ya Moldova, nchi ya Ulaya Mashariki inayosifika kwa mvinyo wake. Vifo vilizidi 70 kwa kila watu 100,000.

Pombe haikuhusika sana katika vifo hivyo. Wala chanzo hakikubaki kimoja. Katika umri wa mzee mmoja aliye hai leo, chanzo kikuu cha maradhi ya ini nchini Misri kimehama, na kiko njiani kuhama tena. Kila mara nyuma ya badiliko hilo kumekuwa na jambo jema lililokusudiwa na serikali: kumwagilia mashamba, kutibu wagonjwa, kulisha maskini.

Tuanze na maji. Kichocho kina umri mrefu kuliko dini zote zinazofuatwa Misri leo. Mwaka 1910 Marc Armand Ruffer aliripoti kwamba ameona mayai ya kichocho katika figo za maiti zilizokaushwa enzi za Mafarao. Mdudu mwenyewe alikuwa ameshagunduliwa mwaka 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, aliyekuwa akipasua maiti katika hospitali ya Kasr el-Aini jijini Cairo. Jina la ugonjwa katika lugha nyingi, bilharzia, limetokana naye.

Viko vichocho viwili vinavyohusika hapa. Cha kibofu, kinachomfanya mtoto akojoe damu, kilikuwa kimeenea bonde zima la Nile. Cha matumbo kilikuwa zaidi huko kaskazini, kwenye Delta, na hiki ndicho kinacholiendea ini. Minyoo yake huishi ndani ya mishipa ya damu ya utumbo na kutaga mayai kila siku. Mayai yasiyotoka na choo husombwa na damu hadi kwenye ini, yanakwama, na mwili unayazungushia kovu. Mwaka 1904 William Symmers, mtaalamu wa patholojia aliyefanya kazi Cairo, alieleza jinsi ini la namna hiyo linavyoonekana likikatwa: makovu meupe yaliyonyooka kufuata mishipa, ambayo aliyafananisha na mirija ya viko vya udongo.

Kwa kusema kweli ya kitaalamu, hiyo bado si sirosisi. Seli za ini huendelea na kazi yake, na mgonjwa anaweza kuonekana mzima kwa miaka. Tatizo ni njia ya damu. Damu inayotoka tumboni kupitia ini inakuta milango imebanwa, inarudi nyuma, wengu linavimba, na mishipa ya umio inatutumka mpaka siku moja inapasuka. Mtu anatapika damu beseni zima. Wauguzi wa hospitali za mkoa wa Mwanza na visiwa vya Ziwa Victoria hawahitaji kuelezwa jambo hili, kwa kuwa kichocho hicho hicho cha matumbo kinaishi huko, na Mto Nile unaanzia ziwani humo.

Zamani mto wenyewe ulikuwa na namna ya kukipunguza. Mafuriko yalikuja mara moja kwa mwaka, mashamba yakajaa, kisha maji yakapungua na ardhi ikakauka kwa miezi. Konokono wanaobeba kichocho hawapendi ukame. Lakini pamba nayo haipendi ukame. Kuanzia utawala wa Muhammad Ali katika karne ya 19, mifereji ilichimbwa ili maji yawepo mwaka mzima. Waingereza wakaendeleza kazi hiyo na kumaliza bwawa la kwanza la Aswan mwaka 1902, na Bwawa Kuu likajengwa kati ya mwaka 1960 na 1970. Misri ikavuna mara mbili na tatu kwa mwaka, ikapata umeme, ikaepuka njaa za ukame. Konokono nao wakapata makazi ya kudumu. Baada ya Bwawa Kuu, kichocho cha kibofu kilipungua katika Delta, na cha matumbo kikachukua nafasi yake. Yaani kile cha ini.

Aliyewafanya Waarabu wote waujue ugonjwa huu ni mwimbaji Abdel Halim Hafez. Watu wa Zanzibar na Mombasa waliokulia kwenye sinema za Kimisri wanamfahamu, na taarabu yenyewe ina deni kwa Cairo tangu enzi za Sultani Barghash. Abdel Halim alizaliwa mwaka 1929 katika kijiji cha Halawat, jimbo la Sharqia, akalelewa yatima, na kama watoto wote wa huko alioga kwenye mfereji. Umaarufu ulipomjia, ugonjwa ulikuwa umeshatangulia. Kwa zaidi ya miaka 20 aliimba akitokwa damu, akienda na kurudi hospitali za Ulaya. Alifariki London tarehe 30 Machi 1977, akiwa na miaka 47, na maelfu kwa maelfu wakafurika barabara za Cairo kumzika. Hakuna mhadhara wa afya uliowahi kuwa na hadhira kama ile.

Serikali haikukaa kimya ikiwaangalia watoto wa mifereji. Tiba ilikuwepo tangu mwaka 1918, pale daktari J. B. Christopherson alipotangaza kutoka Khartoum kwamba chumvi ya antimoni ikidungwa kwenye mshipa inaua minyoo ya kichocho. Ilikuwa dawa kali. Ilimfanya mtu akohoe na kutapika akiwa bado kwenye benchi, iliweza kusumbua moyo, na haikutosha mara moja: mgonjwa alirudi wiki baada ya wiki, mara 10, 12, hata 16. Misri ilianza kuitumia miaka ya 1920. Kampeni kubwa zaidi ilikuja kuanzia miaka ya 1950, baada ya mapinduzi yaliyouangusha ufalme, wakati zahanati za vijijini zilipokuwa fahari ya utawala mpya. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa 1980, sindano zaidi ya milioni 2 zilikuwa zikidungwa kila mwaka.

Ipo taarifa ya mwaka 1964 ya mgeni aliyetembelea kituo kimoja, na aliyoyaona yalimpendeza. Daktari alianza kudunga saa 3:20 asubuhi. Kufikia saa 4:10 alikuwa amekwisha kudunga wanaume, wanawake na watoto 504, na katikati alikuwa amepumzika dakika 10. Mabomba yalikuwa ya kioo. Likitumika, linawekwa kwenye sinia, muuguzi analisuuza, linachemshwa dakika moja au mbili, linarudi kwa daktari.

Piga hesabu mwenyewe. Ni sekunde chini ya tano kwa kila mkono.

Katika damu ya baadhi ya watu wale 504 kulikuwa na kirusi kisicho na jina. Kilipata jina mwaka 1989, Michael Houghton na wenzake walipokigundua nchini Marekani: kirusi cha homa ya ini C. Uvumbuzi huo ni sehemu ya kazi iliyompatia Houghton Tuzo ya Nobel mwaka 2020, pamoja na Harvey Alter na Charles Rice. Vipimo vilipofika Misri, wanasayansi walishangaa. Hakuna nchi nyingine iliyokuwa na kiwango kama hicho, na waliobeba mzigo mkubwa walikuwa wakulima wa makamo na wazee wa Delta, watu ambao hawakuwa na sifa yoyote ya kujidunga dawa za kulevya.

Jibu lilichapishwa Machi 2000 katika jarida la Lancet. Christina Frank, pamoja na watafiti wa Misri akiwemo Mostafa Mohamed na Mmarekani Thomas Strickland, walilinganisha kumbukumbu za zamani za dawa ya antimoni na ramani ya kirusi. Vililingana. Mikoa iliyodungwa zaidi ndiyo iliyokuwa na homa ya ini C zaidi, na rika lililodungwa zaidi ndilo lililougua zaidi. Waandishi wale walisema huenda huo ndio uambukizaji mkubwa kuliko wote duniani wa kirusi cha damu uliotokana na matibabu.

Husemwa kwamba hakuna aliyejua. Sikubali moja kwa moja. Kirusi C hakikujulikana, ni kweli, lakini tangu Vita Kuu ya Pili madaktari walikuwa wanaandika kwamba manjano ya macho huweza kuhamishwa kwa bomba la sindano lisilochemshwa vya kutosha. Dakika moja au mbili hazikutosha hata kwa kanuni za wakati ule. Kilichokosekana kilikuwa muda, mabomba na mafuta ya jiko, na pengine mtu wa kuuliza swali lisilopendeza katikati ya kazi iliyokuwa ikisifiwa. Pamoja na hayo, daktari wa sindano 504 hakuwa muuaji. Mbele yake walikuwa watoto waliokuwa wakienda kutapika damu kama Abdel Halim. Angewaambia wasubiri nini?

Vidonge vya prazikwanteli vilipoingia miaka ya 1980, sindano za antimoni zikaachwa, na kichocho chenyewe kikaporomoka mpaka kuwa ugonjwa wa nadra. Ingekuwa habari njema tu, kama kirusi nacho kingeondoka na sindano. Kiliachwa mitaani. Kikaendelea kupita kwa daktari wa meno, kwa kinyozi anayetahiri, kwa mashine ya kusafisha figo, kwa sindano za vitamini za duka la dawa, maana Mmisri, kama Mtanzania, huamini kwamba tiba ya kweli ni ile inayochoma. Kirusi C huchukua miaka 20 au 30 kulimaliza ini. Mtoto aliyedungwa mwaka 1965 alifika wodini katikati ya miaka ya 1990, tumbo limejaa maji, macho ya njano, miguu imevimba. Mara hii ilikuwa sirosisi halisi, na mara nyingi ilikuwa imepandwa juu ya makovu ya kichocho cha utotoni. Saratani ya ini ilifuata nyuma.

Utafiti wa taifa wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba asilimia 14.7 ya watu wa miaka 15 hadi 59 walikuwa na kingamwili za kirusi C, na karibu asilimia 10 walikuwa na kirusi hai. Mwaka 2015 takwimu zilishuka hadi asilimia 10 na 7. Wanasiasa wanapenda kushuka kwa namna hii, lakini lazima msomaji aangalie umri uliopimwa. Kizazi cha antimoni kilikuwa kinavuka miaka 59 na kutoka nje ya hesabu. Wengine walikuwa wametoka kwa njia ya makaburi.

Tiba ya miaka ile ilikuwa interferoni, sindano ya kila wiki kwa karibu mwaka mzima, yenye homa, unyonge na sonona, na ilimponya takriban nusu ya waliovumilia. Kwa hiyo watu walikuwa tayari kuamini chochote. Februari 2014 jeshi la Misri lilitangaza kwamba limeunda kifaa kinachotibu Ukimwi na homa ya ini C. Afisa aliyekieleza alisema anaunyonya ugonjwa mwilini na kumrudishia mgonjwa aule kama kipande cha kofta, kababu ya Kimisri. Wengi walicheka. Essam Heggy, mshauri wa sayansi wa rais, alijitokeza kukilaani hadharani. Kifaa hicho hakikumtibu mtu.

Ajabu ya mwaka huo ni kwamba tiba ya kweli ilikuwa mlangoni. Sofosbuvir, kidonge cha kampuni ya Gilead, kilikuwa kimeidhinishwa Marekani Desemba 2013 kwa bei ya dola 1,000 kidonge kimoja, dola 84,000 dozi nzima ya wiki 12. Kamati ya taifa ya homa ya ini, ikiongozwa na Wahid Doss, ilikaa mezani na kampuni ikiwa na silaha moja: kiwango cha maambukizi kikubwa kuliko nchi yoyote. Ikatoka na bei ya dola 900. Matibabu yalianza Oktoba 2014. Watu walijiandikisha kwa intaneti kwa maelfu ya maelfu, na baada ya muda viwanda vya Misri vyenyewe vikatengeneza dawa hiyo, dozi nzima ikashuka chini ya dola 100. Mwaka 2017 hata Lionel Messi alipelekwa kwenye piramidi kutangaza utalii wa kutibiwa ini. Hilo lingeweza kuachwa.

Kisha ikaja kazi ambayo mimi naiona kubwa kuliko Bwawa Kuu. Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019, chini ya kampeni iliyoitwa Afya kwa Milioni 100, watu wazima karibu milioni 50 walichomwa kidole na kupimwa. Zaidi ya milioni 2.2 walikutwa na kingamwili, wenye kirusi hai wakaanzishiwa vidonge bure, na gharama ya kumgundua na kumponya mgonjwa mmoja ikawa takriban dola 131. Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani liliipa Misri hadhi ya dhahabu, ya kwanza duniani, katika njia ya kutokomeza homa ya ini C. Kiwango cha maambukizi kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 0.38. Nchi iliyosambaza kirusi kwa kampeni ya serikali ilikiondoa kwa kampeni ya serikali, na watafiti wake hawakuificha sehemu ya kwanza ili kuipamba ya pili.

Je, sirosisi imekwisha Misri? La. Kidonge huondoa kirusi, hakiondoi kovu lililokwisha kukomaa. Maelfu ya wazee waliopona C bado wana maini yaliyosinyaa, na wanatakiwa kupigwa ultrasaundi kila miezi sita maana saratani huweza kuwatokea hata miaka mingi baada ya kuponywa. Wapo wasiorudi, kwa kuwa waliambiwa wamepona na wakaamini.

Lakini kwenye meza zile zile za kampeni kulikuwa na jambo la pili, ambalo halikupigiwa ngoma. Aliyekuja kupimwa kirusi alipimwa pia sukari, presha, urefu na uzito. Kirusi kilikutwa kwa wachache. Unene uliopitiliza ulikutwa kwa karibu asilimia 40 ya watu wazima: kwa wanawake ilikuwa karibu nusu, kwa wanaume takriban asilimia 30. Misri imo pia miongoni mwa nchi 10 zenye wagonjwa wengi zaidi wa kisukari duniani.

Mafuta yakizidi mwilini, hasa yale ya kitambi, huhamia ndani ya seli za ini. Kwa wengi hukaa tu bila kusema neno. Kwa baadhi, hasa wenye kisukari, seli huwaka, hufa na kuacha makovu, na baada ya miaka 20 au zaidi daktari anaona sirosisi ile ile ya wazee wa antimoni, kwa mtu ambaye hajawahi kuoga mferejini wala kudungwa chochote. Pia yuko anayekusanya vyote: kovu la kirusi alichotibiwa mwaka 2016, na mafuta mapya juu yake. Huyo hana kidonge cha wiki 12. Akipunguza uzito kwa asilimia 7 hadi 10 ini linaweza kupoa, na ushauri huo ni rahisi kuutoa kuliko kuufuata.

Kwetu Afrika Mashariki mambo hayakungojana zamu hivi. Homa ya ini B ndiyo iliyo mbele, chanjo ya watoto wachanga ikianza kuipunguza tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kichocho bado kipo visiwani mwa Ziwa Victoria, pombe ipo, na vitambi vya mijini vimeshafika. Daktari wa Mwanza anaweza kukutana na vyanzo vyote hivyo kabla ya chakula cha mchana. Misri angalau ilipigana na adui mmoja baada ya mwingine.

Na adui wa sasa anatoka jikoni. Mkate wa ruzuku, aish baladi, ndio chakula cha kila siku cha makumi ya mamilioni: mikate mitano kwa mtu kwa siku, kwa kadi. Kadi hiyo pia huleta sukari na mafuta ya kupikia kwa bei ya serikali. Mboga na samaki hazimo kwa kiasi hicho. Mfumo huu umeokoa watu na njaa, na anayeugusa hujua hatari yake. Januari 1977, miezi miwili tu kabla ya kifo cha Abdel Halim, serikali ya Rais Sadat ilitangaza kupunguza ruzuku, watu wakafanya ghasia kwa siku mbili, na tangazo likafutwa. Mkate ulibaki piasta 5 kwa zaidi ya miaka 30. Tarehe 1 Juni 2024 ukapandishwa hadi piasta 20, bei ambayo bado haifiki robo ya gharama ya kuuoka.

Mjadala wa siku hizo ulihusu bajeti, bei ya ngano na mfumuko wa bei. Kadi ya mgao iko chini ya Wizara ya Ugavi. Kamati iliyoshusha dozi ya dola 84,000 hadi 900 haina kauli juu ya kilo za sukari zinazoandikwa humo.